Mwandishi na Aage Ndipo Anyamaze

Katika mambo ambayo watunzi wa hadithi wa nchi hii wameyaiga karibuni bila ya kuyapima kwanza, mojawapo ni tabia ya kutoweka mitandaoni kwa ghafla, pasipo kuaga wala kuacha salamu, kisha baada ya majuma au miezi mtu akazuka tena na maneno marefu juu ya utulivu alioupata, kana kwamba wasomaji aliowaacha wakiulizana kama yu mzima au ni marehemu hawakuwa na haki yoyote juu ya habari zake. Sisemi kwamba kupumzika ni kosa. Naamini kwa dhati kwamba mwandishi asiyeweza kujitenga na simu yake kwa muda uliopangwa hatatunga kitabu kitakachodumu, na ningependa kila mmoja wetu afanye hivyo kila mwaka. Ninachokidai ni kwamba mapumziko hayo yawe na mwanzo unaojulikana, na mwisho unaojulikana, na mtu wa kushika zamu, kwa sababu mwandishi wa Kitanzania hana mahali pengine pa kukutana na wasomaji wake ila hapo hapo anapotaka kupaacha.

Jambo hili la mwisho ndilo wasilolijua wale wanaotuletea nasaha kutoka nchi za mbali. Mwandishi wa London au wa New York akizifunga akaunti zake, vitabu vyake hubaki vimepangwa madukani, na mchapishaji wake ana watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kuvitangaza. Hapa Mbeya duka la vitabu aghalabu ni duka la madaftari, vitabu vya kiada, Biblia na vitabu vya nyimbo, na riwaya ya Kiswahili iliyotungwa na mtu aliye hai, kama haimo katika orodha ya vitabu vya shule, haina rafu ya kukaa. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu cha Abdallah Safari vilipata wanunuzi mwaka hadi mwaka kwa kuwa mwanafunzi wa sekondari hana hiari katika jambo hilo. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ambayo ni kitabu kizuri kwa kipimo chochote, nayo imefika katika nyumba nyingi za bara ndani ya mkoba wa mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Mtunzi ambaye hakujaliwa kuingia katika orodha hiyo, soko lake, na ofisi yake ya posta, na mdomo wake wa kujinadi, vyote vimo katika simu moja ambayo kioo chake huenda kimepasuka.

Na atazame mtu kwa karibu jinsi biashara hii inavyokwenda. Kijana wa Ilomba au wa Isanga hapa Mbeya, mwenye kipaji na asiye na mchapishaji, huianza riwaya yake katika Facebook, sehemu za mwanzo bure, na hadithi inapofika mahali pa fadhaa, pale bibi arusi anapouona ujumbe asioutarajia katika simu ya bwana arusi, huwaambia wasomaji kwamba yaliyobaki yamo katika grupu la WhatsApp, na kiingilio ni shilingi elfu moja au mbili kwa M-Pesa. Watu huingia kwa furaha, na tangu usiku huo kijana hana amani. Ikipita saa tatu hajatupia sehemu mpya, maneno huanza kumiminika: "Admini, mbona kimya?" "Tupia basi tulale." "Arosto itatuua huku." Yupo anayekumbusha kwamba amelipa, na yupo anayetisha kwamba ataleft na kudai fedha yake. Akiwa amebahatika kuchapisha kitabu kwa fedha zake mwenyewe, hali haiwi nyepesi zaidi, kwani mteja wa Sumbawanga au wa Makambako huliona jalada katika statasi, huuliza bei, hutuma fedha, na mwandishi yule yule aliyekuwa katikati ya sentensi huinuka, hukitia kitabu katika bahasha ya kaki, huandika kwa kalamu ya wino mzito jina la mteja na namba yake ya simu, hupanda bajaji hadi stendi, hulipia parseli katika ofisi ya basi, huipiga picha risiti na kuituma, kisha kesho yake huulizwa kama basi limekwisha kufika.

Haya si maovu, na mimi siwezi kuyadharau, maana yamewalisha watu na yamewapa wasomaji wengi wa Kiswahili hadithi ambazo wasingezipata kwa njia nyingine. Lakini yana athari katika utunzi wenyewe, na athari hiyo yaonekana wazi kwa anayesoma kwa insafu. Hadithi inayotungwa kwa ajili ya usiku wa leo hufunzwa kukatika kila baada ya kurasa mbili kwa kishindo. Mhusika aliyekusudiwa kuwa mdogo hukuzwa kwa kuwa wasomaji wamempenda, na aliyekusudiwa kufa huponywa kwa kuwa wamemlilia. Na mtunzi, ambaye alianza akiwa na jambo la kusema, hatimaye hujikuta akisema lile ambalo grupu linataka kulisikia. Chungu kinachofunuliwa kila mara hakiivi. Tena lipo jambo jingine ambalo wenye nasaha hawalioni, nalo ni kwamba vijana wengi huandika riwaya zao katika simu hiyo hiyo, kwa kidole gumba, ndani ya programu ya kuwekea kumbukumbu, kwa sababu hawana kompyuta. Basi anayewaambia wazime simu ili wapate kuandika huwa amewaambia waiweke kalamu chini ili wapate kuandika. Likizo ya mtu wa namna hii yaanza kwa kununua daftari kubwa la kaunta, na hiyo si methali, ni matumizi ya fedha yanayopaswa kupangwa.

Wapo wasemao kwamba waandishi wa zamani waliandika vizuri kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kubishana na wasomaji wao, nao wamekosea. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwezi Januari 1923, lilikuwa majilisi ya washairi wa nchi nzima: mmoja aliuliza kwa beti, mwingine akamjibu kwa beti, wa tatu akamkosoa mwenye kujibu kwa vina vilivyopotoka, na humo yalipita masimango na kebehi ambazo mtu wa leo akizisoma atadhani ziliandikwa juzi. Hata majina ya kupanga yalikuwapo, na Akilimali, mmoja wa washairi mashuhuri wa zama zile, alijiita Snow-White bila ya kuona haya. Tofauti ilikuwa katika mwendo. Gazeti lilikuwa la kila mwezi, na mtu wa Tukuyu au wa Njombe aliyechokozwa ndani ya toleo moja, katika nyanda ambazo reli ya TAZARA ilikuwa bado haijafika, kwani ilijengwa kati ya 1970 na 1975, alikuwa na majuma kadhaa ya kuipoza hasira yake, kuzihesabu mizani, kuomba shauri kwa anayejua zaidi, na kuitia barua katika gari la posta. Basi jibu lilipotokea mwishowe lilikuwa shairi, wala halikuwa tusi. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya umri wake, akatunga katika saa zilizobaki, na barua alizompelekea nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, ambazo zimehifadhiwa na kuchapishwa, zatosha kuonyesha kwamba hakuwa mtu wa kujificha. Waandishi wale hawakuwa na faragha kubwa kuliko yetu. Walikuwa na wasaa kati ya neno na jibu lake, na wasaa huo walipewa na posta bila ya kuuomba. Sisi hatupewi na mtu. Ni lazima tuutenge wenyewe.

Jinsi ya kuutenga ndiyo hoja, na hapo watu hukimbilia mifano isiyofaa. Wengine humtaja Ebrahim Hussein, aliyetoa Kinjeketile mwaka 1969 na Mashetani mwaka 1971, kisha akaondoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na kuishi kwa miongo kadhaa mbali na hadhara, asitafute mahojiano wala makofi. Namheshimu kwa hilo kuliko nimheshimuvyo mtu yeyote anayezungumza juu ya unyenyekevu. Walakini Kinjeketile ilikuwa imekwisha kuingia madarasani, ikasomwa na kuigizwa na vizazi vya wanafunzi ambao hawakuhitaji kujua mwenye kuitunga anakaa mtaa gani. Kazi yake ilikuwa na miguu ya kutembelea. Kijana wa Ilomba mwenye nakala mia mbili chini ya kitanda akijaribu kujitenga kwa namna hiyo, vitabu vyake vitaliwa na mchwa, na hakuna atakayemwita mtawa. Ataitwa mtu aliyeacha kuandika.

Wengine husifu upweke kwa mifano ya gerezani, wakikumbusha kwamba Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, tena juu ya karatasi za msalani, na kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za namna hiyo huko Kamiti mwaka 1978. Kweli waliandika, na waliyoyaandika ni makubwa. Lakini sioni jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kulihesabu gereza katika vifaa vya utunzi. Walioshinda dhuluma wasifiwe kwa kuishinda, na dhuluma isipewe sehemu ya sifa hizo. Nalitaja hili kwa kuwa hapa kwetu nako, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima na kubaki hivyo kwa siku kadhaa, nilimsikia mtu mmoja akifanya mzaha kwamba waandishi sasa wamepewa likizo. Hakuna likizo iliyofanana na kifungo kama ile. Hakuna aliyeaga, hakuna aliyejua itakwisha lini, jamaa walikuwa wakitafutana pasipo kupatana, na sijapata kusikia hata ukurasa mmoja mzuri uliotungwa kwa utulivu katika siku hizo. Vivyo hivyo mwaka 2018, zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu alipie leseni kwa gharama iliyofika shilingi milioni mbili na zaidi, wako waliofunga kurasa zao na kunyamaza. Hao hawakupumzika, walinyamazishwa. Mwenye kutaka kuwafundisha waandishi wa nchi hii fadhila za ukimya hana budi kwanza akiri kwamba ukimya wetu mwingi haukuwa wa ikhtiari.

Mfano unaofaa tunao nyumbani, wala haukutoka katika vitabu vya nasaha. Mwislamu anayekusudia itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani huingia msikitini siku inayojulikana, na jamaa zake wanajua kwamba atatoka utakapoandama mwezi wa Shawwal. Ameweka mtu dukani, amewaachia watu wa nyumbani fedha za matumizi, na hakuna anayenung'unika kwamba amewatupa. Mkatoliki anayekwenda mafungo hali kadhalika: hutaja siku ya kwenda na siku ya kurudi, humkabidhi jirani funguo, na akikutwa getini na mfuko wake hakuna anayemhoji anamkimbia nani. Watu wa Nyanda za Juu wameyazoea haya kiasi kwamba hawayaoni kuwa ni hekima. Ukimwambia mama wa Iringa kwamba mwanawe amekwenda mafungo hadi Jumapili, atasema vyema. Ukimwambia kwamba mwanawe amezima simu na hajulikani atawasha lini, atavaa kanga yake aende polisi. Msomaji aliyelipa kiingilio, au aliyekusubiri kwa miaka mitatu utoe kitabu cha pili, ni jamaa wa namna fulani, na stahili yake ni ile ile.

Sasa nije kwenye faida zenyewe, maana hapa pana mazungumzo mengi ya kutia chumvi. Mwaka 2020 wanauchumi wa Marekani, miongoni mwao Hunt Allcott na Matthew Gentzkow, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018 nchini kwao, ambamo waliwalipa watu ili wazifunge akaunti zao za Facebook kwa majuma manne. Waliofunga walipata nafasi ya kadiri ya saa moja kwa siku. Nyoyo zao zilitengenea, lakini kwa kiasi kidogo. Walipungukiwa na habari za mambo ya siasa, na wakati huo huo chuki zao za kisiasa zilipungua. Na jaribio lilipokwisha walirudi kuitumia Facebook kwa uchache kuliko awali. Kwangu mimi lenye mafunzo zaidi ni lile la saa moja, kwa sababu watafiti waliuliza pia saa hiyo ilikwenda wapi, na jibu ni kwamba ilikwenda kwa ndugu na marafiki, na sehemu nyingine katika kutazama televisheni peke yao. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba watu wale walitunga riwaya. Saa iliyookolewa haiendi mezani kwa hiari yake. Itachukuliwa na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, au na Simba na Yanga, au na usingizi, isipokuwa mwenyewe awe ameishika kabla haijafika. Kwa hiyo anayeaga mitandao pasipo kujua atakaa chumba gani, kwa saa zipi, juu ya sura ya ngapi, afadhali asiage, maana atarudi bila ya kitabu na bila ya wasomaji.

Kuna pingamizi mbili ambazo huletwa kila ninapolisema jambo hili, na zote mbili ni za haki. Ya kwanza ni ya misiba. Hapa kwetu, na hasa kwa Wanyakyusa wa Rungwe, Busokelo na Kyela, kutofika msibani ni kosa lisilofutika kwa kisingizio chepesi. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Unyakyusa katika miaka ya 1930 wakichunguza desturi za watu, waliandika kurasa nyingi juu ya mazishi kwa sababu waliona wazi kwamba hapo ndipo ukoo unapojipima. Siku hizi habari za msiba hupita katika grupu la ukoo, pamoja na orodha ya michango, na aliyeikosa hawezi kusimama mbele ya wajomba akasema alikuwa akitunga sura ya saba. Hili nalikubali bila ya kubishana. Ndiyo maana mapumziko ya mwandishi lazima yatenganishe jamaa na wageni: laini iliyo na grupu la ukoo ihamishiwe katika simu ya mke, au ya mume, au ya mtoto mkubwa aliye na busara ya kujua lipi la kupeleka chumbani na lipi la kuacha hadi jioni, na mwandishi mwenyewe abaki na kiswaswadu, ambacho hupiga na kupokea na kumulika gizani umeme unapokatika, basi. Aliyefiwa atapiga simu. Kwa kweli msiba unaotangazwa kwa sauti ya mtu unasikika vizuri zaidi kuliko ule unaokuja katikati ya picha za asubuhi njema.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya dhamiri. Huulizwa: mwandishi ni shahidi wa jamii, sasa vipi ajifungie wakati watu wana dhiki, na wengine wametiwa ndani kwa maneno waliyoyaandika? Je, hatahesabiwa kuwa ameogopa? Naam, aweza kuhesabiwa hivyo, na ndiyo sababu nyingine ya kuaga kabla ya wakati. Aliyetangaza mwezi Machi kwamba mwezi Juni na Julai hatakuwapo, likitokea jambo mwezi Juni hakuna atakayesema amekimbia. Ambaye hakutangaza, hata kama alikuwa na mafua tu, ukimya wake utafasiriwa na kila mtu kwa kadiri ya chuki yake au huba yake. Tena niseme bila ya kuficha kwamba ushahidi wa mwandishi si lazima uwe wa siku ile ile. Kinjeketile ilizungumza juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 zaidi ya miaka sitini baadaye, na wananchi waliielewa kuwa inazungumza nao. Yako mambo yanayotaka kusemwa leo, na mwenye kuweza kuyasema leo na ayaseme, awe mwandishi wa vitabu au muuza viazi wa Mwanjelwa. Lakini kumlazimisha mtunzi atoe tamko juu ya kila tukio kabla ya chakula cha mchana ni kumfanya msemaji wa ofisi isiyokuwapo.

Wachapishaji nao wana sehemu yao, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Imeanza desturi ya mchapishaji kumuuliza mwandishi, kabla hata ya kuufungua mswada, ana wafuasi wangapi Instagram. Swali hilo lina maana moja tu: mchapishaji anatafuta mtu wa kumfanyia kazi ya kuuza vitabu bila ya ujira, na yule atakayekubali hatapata tena nafasi ya kutunga kitabu cha kuuza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwake Mwalimu, imechukua njia iliyo bora, maana inapokea miswada, na mswada hauna wafuasi. Ningependa wasimamizi wa tuzo kama hiyo wafikirie jambo moja zaidi: pamoja na fedha wanazompa mshindi baada ya kazi kwisha, wawape watunzi wachache chumba, meza na chakula kwa majuma kadhaa kabla ya kazi kwisha. Vyuo vyetu huwa vitupu wakati wa likizo, mabweni yake yamefungwa na walinzi wake wanasinzia. Mkwawa pale Iringa, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya, vingeweza kuwahifadhi watu kumi kwa gharama isiyofika ile ya semina moja ya siku mbili yenye posho.

Kuhusu majira, kila mtu achague kwa hesabu ya biashara yake. Asinyamaze mwezi kitabu chake kinapotoka, hilo ni wazi. Januari ni mwezi mzuri zaidi wa kunyamaza kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa fedha zote za nchi zimekwenda kwenye ada na sare, na anayetangaza riwaya wakati huo anapoteza bando lake bure. Lakini kwa sisi wa Mbeya sioni majira yanayoshinda Juni na Julai, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa au yanakaushwa, upepo ukishuka kutoka mlima Loleza tangu saa kumi jioni, na hata mtu asiye na lolote la kuandika akiwa na sababu ya kukaa ndani na sweta lake.

Basi nami naaga kwa utaratibu huo huo ninaowahimiza wengine. Grupu langu, ambalo wengi wa waliomo ni walimu wastaafu na wake zao, litafungwa mwanzoni mwa Juni, libaki la kusomwa tu. Hadithi inayoendelea nitaifikisha mahali ambapo mlango umekwisha kufunguliwa na aliyegonga ameonekana uso, ili pasiwe na mtu wa kunilaumu kwa arosto. Vitabu vipo kwa mpwa wangu katika mtaa wa Soweto hapa Mbeya, naye anajua bei na anajua ofisi za mabasi yote. Namba yake imebandikwa juu ya ukurasa. Wenye habari za msiba wapige simu ya nyumbani. Nitarejea Nane Nane, na atakayefika katika viwanja vya John Mwakangale atanikuta na meza yangu upande wa mabanda ya mbegu, ambako watu hupita wengi. Wanaouliza kama kutakuwa na punguzo, hakutakuwa.